Namba Sitini na Nne

Mashine ya mlangoni ilinitemea karatasi: sitini na nne.
Nikaikunja, nikaikunjua,
nikaketi chini ya tangazo la mafuta ya samaki.
Nje, Bergen ilinyesha kama kawaida yake,
mvua isiyo na hasira wala mwisho.
Sitini na mbili: bibi na mbwa wake.
Sitini na tatu: kijana na mafua yake.
Kisha taa nyekundu ikaruka
kama mbuzi aliyeona dimbwi:
sitini na tano.

Nikasimama. Samahani, zamu ni yangu.
Nilisema kwa Kinorwei, Kinorwei cha hapa hapa,
chenye ile r ya kooni wanayoicheka watu wa Oslo.
Akanijibu kwa Kiingereza,
polepole, kwa sauti kubwa,
kama anayepoza uji wa mtoto.
Nikarudia kwa Kinorwei. Akarudia kwa Kiingereza.
Tukawa kama watu wawili mlangoni,
kila mmoja akimwambia mwenzake pita,
na hakuna aliyepita.

Nilifuata dawa ya mama, ya presha ya macho.
Cheti alikitazama mbele, akakitazama nyuma,
akauliza kama huyu Pushpamalar ndiye mimi,
akauliza kama ninaelewa maana ya tone.
Tone!
Katika mji huu!

Nikanyoosha mkono kupokea kichupa.
Akakiweka kauntani, kando ya mkono,
kwa uangalifu wa mtu anayeegesha gari la kuazima.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi jembe nilipewa nikiwa na miaka tisa.
Leo ni mwaka wa ishirini na mbili
na mpini umeshajua viganja vyangu.

Saa nane mchana nilivaa hedifoni,
kampuni ya umeme, ghorofa ya nne.
Huko ninaitwa Linn.
Yalini ni refu kwa wateja, alisema msimamizi,
akakata kichwa, akakata mkia,
akanirudishia kipande cha katikati
kikiwa kimeshasafishwa magamba.

Simu ya kumi na saba ilikuwa yake.
Au labda si yake; foleni huzifananisha sauti.
Amengoja dakika arobaini, akasema.
Amerukwa, akasema. Hivi sisi tuna haya kweli?
Je, tunajua mtu anajisikiaje
kukaa tu, akitazama namba za wenzake zikipita?

Kipo kitufe cha kumrudisha mtu mwisho wa foleni.
Ni cha kijani, kimefifia pembeni.
Nilikitazama.
Nilikitazama hadi nikaijua vumbi yake.

Kisha nikafungua bili.
Mita ilikuwa imesomwa mara mbili mwezi wa pili.
Nikamrudishia kroner mia nne na kumi.
Akashusha pumzi, akalainika:
Asante, Linn. Afadhali leo nimempata mtu wa hapa.
Maana hawa wengine, unajua mwenyewe, hata lugha…

Dirishani tone moja lilishuka kioo kizima
likimeza mengine njiani.

Kuna lingine nikusaidie? Ndivyo tulivyofunzwa.
Hakuna, mpenzi.
Na mwisho wa kila simu tunataja jina.
Umehudumiwa na Yalini, nikasema.
Nikalitamka lote, kichwa, mkia, na magamba yake.
Huenda alikuwa ameshakata.
Kuna kimya fulani cha laini
ambacho hata sisi wa kazi hiyo hatukijui.

Usiku nikamtilia mama dawa, jicho la kulia kwanza.
Alikuwa ameinua uso kwenye dari,
mikono magotini, kama mtu anayenyolewa.
Walikuhudumia vizuri? akauliza.

Usipepese, nikamwambia.
Foleni ilikuwa ndefu.